Saa Sita Iko Kitovuni: Mwongozo wa Kulegeza Mwili kwa Mijongeo Midogo

Jitwike ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Mtu aje nyuma yako kimyakimya akuongezee kijiko kimoja cha maji. Hutajua. Sasa itue ndoo, shika kikombe kitupu, ufumbe macho, kisha aongeze kijiko kilekile. Utajua papo hapo.

Mjerumani mmoja, Ernst Heinrich Weber, alilichunguza jambo hili katika karne ya 19 kwa kuwapa watu vitu vya uzito tofauti wavipime mikononi. Aliona kwamba kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, ndivyo tofauti inavyotakiwa kuwa kubwa ndipo mtu aitambue. Mama zetu wanaoteka maji hawakuhitaji Mjerumani wa kuwaeleza. Mimi nilimhitaji, kwa sababu kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa ya mwili uliokakamaa ni kuulazimisha.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu ni kuinama. Mguu wa kulia unakanyaga pedali, shingo inafuata sindano, bega la kushoto linavuta kitambaa. Desemba ikifika, wazazi wanaleta vitambaa vya sare za shule kwa mpigo na kila mmoja anaitaka yake kabla shule hazijafunguliwa. Msimu mmoja shingo ilinikamata hata mteja akiingia mlangoni nilikuwa nageuza stuli nzima ndipo nimwone. Kijana mmoja wa mazoezi akanifundisha kujinyoosha: vuta, shikilia, vuta tena. Nikavuta kwa bidii ya fundi anayedaiwa nguo. Nililala siku tatu.

Aliyenionyesha njia nyingine ni mgeni aliyekuja kushonesha vitenge, mama wa makamo ambaye kwao anafundisha mijongeo hii. Hakunivuta popote. Aliomba mkeka, akanilaza nyuma ya banda, akaniambia nisogeze nyonga kidogo. Nikasogeza. Akasema, "Nusu ya hapo." Nikapunguza. Akasema tena, "Nusu ya hapo." Nikaona mama huyu ananitania.

Njia yenyewe inaitwa kwa jina la aliyeiasisi, Moshe Feldenkrais, mhandisi na mwanafizikia aliyezaliwa mwaka 1904 mjini Slavuta, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, na akafariki Tel Aviv mwaka 1984. Alikuwa mtu wa judo, na goti lake liliumia vibaya. Upasuaji wa wakati ule haukumpa uhakika wa kupona, basi akaanza kujichunguza kama mhandisi anavyochunguza mashine: nikikanyaga hivi, uzito unapita wapi? Nikigeuka, mbavu zinafanya nini? Kutokana na uchunguzi huo yakazaliwa masomo mengi ya mijongeo, mengi yake yakifanywa mtu akiwa amelala chini. Wanaoyafundisha rasmi husomea kwa miaka. Mimi sijasomea. Ninayoyaandika hapa ni ya mwanzoni kabisa, ambayo mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kujifanyia nyumbani.

Nani asilale kwenye mkeka huu bado

Hili nitalisema upesi lakini lisirukwe. Haya si matibabu. Kama una maumivu makali mapya, ganzi inayoshuka mguuni au mkononi, mguu unaoishiwa nguvu, au mgongo unauma na huku haja inakutoka bila kuizuia, nenda hospitali leo, mkeka utakusubiri. Vivyo hivyo kama ulianguka juzi kwenye bodaboda, umevunjika, au umepasuliwa karibuni. Mjamzito aliyepita nusu ya safari yake asilale chali kwa muda mrefu. Sehemu ya kukaa kwenye stuli inamfaa zaidi, na amuulize mkunga wake kwanza. Mwenye mifupa iliyodhoofika naye amuulize daktari.

Na katika kufanya kwenyewe, kanuni ni moja: maumivu yakija, umeshapita mpaka. Usiyavumilie. Punguza mjongeo mpaka yapotee, na yasipopotea, acha.

Mkeka, si godoro

Unahitaji sakafu na mkeka. Sakafu ya saruji ikiwa ya baridi, tandika blanketi juu ya mkeka, basi. Usilalie godoro. Godoro linakubembeleza, linajaza kila shimo la mwili wako, na sisi tunataka tujue mashimo yako wapi. Sakafu ngumu ni kama kioo: inakuonyesha ulivyo, ukipenda usipende.

Khanga moja ikunje mara nne uiweke chini ya kichwa kama kidevu chako kinaelekea juu ukilala chali. Kama kichwa kinatulia bila khanga, usiweke. Vaa nguo isiyobana kiunoni. Wenye mikanda waivue, simu na funguo zitoke mfukoni. Usifanye umetoka kula ugali na migebuka sasa hivi. Wakati mzuri ni alfajiri kabla jua halijachoma bati, au jioni upepo wa ziwani ukivuma.

Dakika 20 zinatosha. Wanaofanya kazi ya dagaa kule Kibirizi wana ratiba yao, na mimi huwaambia waifuate hiyo hiyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa hiyo siku za mbalamwezi boti nyingi hukaa ufukweni. Hizo ndizo siku za kujifunza somo zima. Siku za giza, mzigo ukishuka asubuhi na kila mtu anakimbizana na jua, fanya orodha tu, ile ya dakika tano inayofuata.

Orodha

Lala chali, miguu umeinyoosha, mikono pembeni. Usifanye chochote. Ni vigumu kuliko inavyosikika.

Sasa pita mwilini kama mwenye duka anayehesabu mali jioni. Unaandika kilichopo, hupangi upya wala hujilaumu. Kisigino cha kulia kinaelemea mkeka upande gani, katikati au nje? Cha kushoto je? Vidole vya miguu vinatazama wapi, vyote sawasawa au mguu mmoja umelala zaidi? Shavu la mguu linagusa chini? Nyuma ya goti kuna nafasi gani? Nyonga: upande upi mzito? Kiunoni kuna daraja. Mjusi angepita, au angepita panya mzima? Makombe ya mabega: lipi limelala bapa, lipi linasimama ukingoni? Kisogo kinagusa mahali gani hasa, katikati au pembeni kidogo?

Siku ya kwanza niligundua kwamba mguu wangu wa kulia ulikuwa kama mrefu kuliko wa kushoto, na nyonga ya kulia kama imechimbiwa ardhini. Nilishtuka. Mgeni wangu akasema hakuna cha kushtua, mguu wa pedali umejifunza kazi yake na umesahau kustaafu ninapolala.

Hapo ndipo nilipoelewa somo linachotafuta. Mwilini mna mishipa ya fahamu inayoleta habari kutoka kwenye misuli na maungio, na ndiyo maana ukifumba macho bado unaweza kuipata pua yako kwa kidole. Lakini msuli uliokazwa kutwa nzima ni ile ndoo ya lita 20. Habari ndogondogo zinafika, hazisikiki. Tunataka kutua ndoo kwanza. Ndiyo sababu ya kufanya kidogo, polepole, na kupumzika kila baada ya mijongeo michache. Kupumzika huko ni kazi. Ukiruka mapumziko umeruka somo.

Saa ya nyonga

Hili ndilo somo ninalolipenda, na ndilo nitakaa nalo.

Ukiwa chali, kunja magoti. Nyayo zikae chini, ziachane kama upana wa nyonga, zisiwe mbali sana na makalio wala karibu sana. Tafuta mahali ambapo magoti yanatazama bati bila wewe kuyashikilia. Mikono ilale popote.

Sasa fikiria saa ya ukutani, ile ya mishale, imelazwa juu ya tumbo lako la chini, uso wake unatazama dari. Mtu aliyesimama miguuni kwako anaweza kuisoma. Pale palipoandikwa 12 panaelekea kitovuni. Palipoandikwa 6 panaelekea kifanduguni, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Palipoandikwa 3 ni nyonga yako ya kushoto, na 9 ni ya kulia.

Hapa mgeni wangu alinichanganya. Yeye akisema "nenda saa kumi na mbili" alikuwa anasoma namba, mimi naelewa magharibi. Nikawa nabingirika kinyume na anavyotaka, anashangaa, nashangaa. Mwishowe tukaamua twende kwa Kiswahili, na mimi nakushauri hivyo hivyo: saa sita iko kitovuni, saa kumi na mbili iko kwenye kifandugu, saa tisa ni nyonga ya kushoto, saa tatu ni ya kulia. Ukiisema kwa namna uliyozoea kusema saa tangu utotoni, mwili unafuata wenyewe.

*Kwanza, nenda saa sita.* Bingirisha nyonga taratibu kuelekea kitovuni. Makalio hayanyanyuki kutoka chini. Yanabingirika tu, kama mpira wenye maji ndani. Utaona kiuno kinashuka kuugusa mkeka na kile kidaraja kinabomoka. Rudi katikati. Tena. Fanya kama mara 10, na kila mara tafuta kitu unachoweza kuacha kukifanya. Je, unakaza tumbo? Si lazima. Unasukuma kwa nyayo? Jaribu kusukuma nusu. Unauma meno? Watu wengi huuma meno, sijui yanahusikaje na kiuno. Na pumzi: mzee mmoja kutoka Ujiji niliyemfanyisha alikuwa amezuia pumzi tangu mwanzo kama anayepiga mbizi. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, pumua," akacheka, na kicheko kile kikamlegeza kuliko maelekezo yangu yote.

*Pili, nenda saa kumi na mbili.* Uzito unaelekea kifanduguni, kiuno kinapanda, daraja linarudi. Si kuinua kiuno kwa nguvu. Uzito ndio unaohama. Mara 10. Nyoosha miguu, pumzika pumzi tano au sita, angalia kama orodha imebadilika.

*Tatu, unganisha.* Kunja magoti tena. Kutoka saa sita hadi saa kumi na mbili, moja kwa moja, bila kusimama katikati, kama mtoto anayebembezwa. Ukipata mwendo wake, utaona kidevu nacho kinajongea kidogo, juu na chini, kama mtu anayeitikia hadithi. Usikisukume. Usikizuie pia. Ndiyo ishara kwamba mgongo mzima umeanza kusikilizana, kuanzia mkiani hadi kisogoni. Kisipojongea, kuna mahali katikati panaposhikilia, mara nyingi kifuani. Usipatafute kwa hasira. Punguza ukubwa wa mjongeo na uendelee.

*Nne, saa tisa na saa tatu.* Uzito uhamie nyonga ya kushoto, ya kulia iwe nyepesi bila kuondoka chini. Kisha kinyume chake. Hapa magoti yatataka kulala upande pamoja nawe. Yaache yabaki yakitazama bati. Kwa wengi upande mmoja ni laini na mwingine ni kama mlango uliovimba kwa masika. Upande mgumu ufanye kidogo zaidi, yaani mdogo zaidi, si mara nyingi zaidi. Pumzika, miguu imenyooka.

*Tano, robo saa.* Hapa ndipo utamu ulipo. Toka saa sita, pita saa saba, saa nane, fika saa tisa. Rudi njia ile ile. Mara sita au saba. Kisha robo inayofuata: saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Rudi. Halafu upande wa kulia: kumi na mbili, saa moja, saa mbili, saa tatu. Na ya mwisho, saa tatu hadi saa sita.

Utakuta mahali nyonga inaruka. Unatoka saa moja, ghafla uko saa tatu, saa mbili hukuiona, kama bodaboda iliyoruka tuta. Yangu ilikuwa hapohapo, saa mbili, upande wa mguu wa pedali. Kishawishi ni kurudia pale kwa nguvu mpaka pakubali, na hapo ndipo nilipotumia wiki nzima bure. Kinachofaa ni kulizunguka tuta. Fanya robo nyingine tatu kwanza, ule upande unaokwenda vizuri uufundishe ule usiojua. Kisha rudi saa moja hadi saa tatu, kidogo kiasi kwamba mtu anayekutazama asione kitu. Jaribu pia kinyumenyume, kutoka saa tatu kwenda saa moja. Mara nyingi tuta halipo ukija kwa upande wa pili.

*Sita, saa nzima.* Zunguka saa yote, taratibu, raundi tano kulia, tano kushoto. Anza na saa ya ukubwa wa sahani ya ubwabwa. Punguza, iwe kisahani cha kikombe. Punguza tena, iwe sarafu ya shilingi 200. Duara la sarafu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu hapo huwezi kudanganya kwa nguvu.

*Saba, fanya kwa mawazo.* Tulia kabisa, usijongeze kitu. Fikiria unazunguka saa hiyo kwa ule upande ambao ulikuwa mzuri. Fikiria uzito unavyopita kila namba. Raundi tatu. Kisha upande uliokuwa mgumu, kwa mawazo tu pia. Halafu ufanye kweli, mara moja. Mimi hapa nilidhani ni uganga, mpaka nilipoona saa mbili imefunguka bila kuiomba. Ubongo unaufanyia mjongeo mazoezi hata misuli ikiwa imelala, na misuli iliyolala haina tabia mbaya ya kuingilia.

Nyoosha miguu, fanya orodha tena kama mwanzo. Kisigino, shavu la mguu, kiuno, makombe ya mabega. Usitafute maajabu. Labda mjusi hapiti tena kiunoni, basi.

Namna ya kuinuka nayo ni somo. Usiinuke moja kwa moja kama gogo linalonyanyuliwa. Kunja magoti, yalaze upande, lala ubavu, weka kiganja chini mbele ya uso, sukuma, ukae. Kaa kidogo. Kisha simama na utembee hatua 20 chumbani bila kuzungumza na mtu. Sikia nyayo zinavyokanyaga.

Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, mteja wangu wa siku nyingi, alilifanya somo hili mara ya kwanza akaniuliza, "Fundi, haya ndiyo mazoezi? Mbona sijatoka jasho?"

"Ukitoka jasho, mama, umekosea."

"Basi nitawaambia watu nilikuja kulala dukani kwako."

Aliondoka anacheka. Wiki iliyofuata alileta shoga zake wawili na mkeka wake mwenyewe, kwa kuwa wangu, alisema, una vumbi la chaki.

Shingo, kwa ufupi

Kaa kwenye stuli au ukingo wa kiti, usiegemee. Nyayo chini. Utakuwa unafanya upande wa kulia peke yake.

Geuka kulia mpaka pale ambapo geuko linakuwa rahisi, si mpaka mwisho. Angalia pua inalenga nini ukutani: kalenda, msumari, nyufa. Kumbuka hapo. Rudi mbele.

Sasa geuza kichwa kulia lakini macho yabaki mbele, yameganda kwenye kitu kimoja. Mara tano, polepole. Pumzika. Kisha geuza kichwa kulia na macho yaende kushoto. Hili la pili linachekesha; macho na shingo vimezoea kutembea pamoja kama mume na mke wazee, ukivitenganisha vinagombana. Nenda kidogo tu. Pumzika, macho yamefumbwa. Kisha weka pua mbele, na ugeuze mabega kulia, ukiruhusu kalio moja liwe jepesi kwenye stuli.

Halafu geuka kulia vyote pamoja kama mwanzo, bila kujitahidi, uangalie pua imefika wapi. Kwangu siku ile ilipita kalenda ikafika kwenye dirisha. Kisha geuka kushoto, upande ambao hukuufundisha, ujionee tofauti. Kushoto kufanye jioni, au kesho.

Ukipata kizunguzungu, acha, fungua macho uyaelekeze kwenye kitu kimoja kisichotikisika mpaka kitulie. Kikiwa kinakujia kila ukigeuza kichwa hata bila mazoezi, mwone daktari, maana chanzo kinaweza kuwa ndani ya sikio.

Kuipeleka kazini

Somo likibaki kwenye mkeka halijafika. Mimi nililifunga kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Kila bobini inapokwisha na natakiwa kuijaza, kabla sijaishika nafanya saa sita na saa kumi na mbili nikiwa nimekaa, mara tatu. Ukikaa kwenye stuli ngumu utaisikia mifupa miwili ya makalio ikibingirika nyuma na mbele. Saa ni ile ile, imesimamishwa tu. Kwa siku yenye kazi nyingi najikuta nimefanya mara nyingi bila kupanga. Wewe chagua kitu chako kinachojirudia: dereva wa bajaji anayesubiri abiria, mwalimu anayefuta ubao, mpishi anayesubiri maji yachemke.

Kwa wanaoinama kwenye dagaa, jambo moja. Kuinama kuna mahali pawili: kiunoni au kwenye nyonga. Weka vidole kwenye mikunjo ya juu ya mapaja, pale paja linapokutana na tumbo, legeza magoti, kisha inama kana kwamba vidole vyako vinabanwa na mikunjo hiyo. Makalio yanarudi nyuma, mgongo unabaki mrefu. Watoto wadogo wengi huinama hivi wanapookota kitu, na bibi zetu wengi shambani pia. Hakuna kuinama kusikochosha ukikufanya saa tano mfululizo, kwa hiyo badilisha: inama, chuchumaa, kaa kwenye kigoda, simama. Wenye vichanja vya kuanikia vilivyoinuka kutoka chini wana bahati. Wanaoanika mchangani wazidishe kubadilisha mkao.

Na ndoo. Kabla ya kujitwika, simama karibu nayo kabisa, mguu mmoja mbele, nyonga irudi nyuma, mguu uchukue uzito kabla mgongo haujachukua. Ikipanda kichwani, usikaze shingo kuitii. Acha uzito ushuke wima, shingoni, kifuani, nyongani, hadi kisigino. Ukiwa umefanya saa ya nyonga asubuhi utaisikia njia hiyo. Kama huisikii na shingo inakaza, beba lita 10 mara mbili. Kupandisha kutoka Stesheni kuja huku Mwanga na lita 20 si sifa, ni mteremko tu umegeuzwa.

Siku ambazo mkeka hauwezekani kabisa, mtoto analia na maji hayajatekwa, fanya ukiwa bado kitandani, macho yamefumbwa: kunja magoti, saa sita, saa kumi na mbili, mara tano. Godoro litakudanganya kidogo, si neno. Kisha lala ubavu, sukuma kwa kiganja, uamke, ukamwambie jirani mwakeye, salamu ya asubuhi ya Kiha, uende bombani.